Lupus ya figo, sonona na wasiwasi: jinsi ya kujua inatoka wapi na ufanye nini

Kama una lupus, yaani kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na imeshagusa figo, afu siku hizi unalia bila sababu, au usiku unashtuka moyo unadunda, au umefika mahali hata simu za watu hupokei, naomba uelewe hili kwanza: hiyo hali ina chanzo, mara nyingi vyanzo viwili vitatu kwa pamoja, na kila kimoja kina namna yake ya kushughulikiwa. Ndo maana inaniuma sana mgonjwa akiambiwa tu "punguza mawazo". Atapunguzaje wakati kila asubuhi anameza vidonge nane vya prednisoloni, dawa ya aina ya homoni ya kutuliza lupus, miguu imevimba, na mwenye nyumba anataka kodi?

Na usijione imani yako ndogo. Selena Gomez, mwanamuziki wa Marekani mwenye lupus, alivyosimama kufanya kazi mwaka 2016 alisema waziwazi kwamba ni wasiwasi, hofu za ghafla na sonona (huzuni nzito isiyoisha) vinavyokuja na lupus, na 2017 akatangaza kwamba amepandikizwa figo aliyopewa na rafiki yake. Pesa anayo, madaktari wazuri anao, na bado yalimkuta.

Anza na dawa, hasa hiyo prednisoloni. Inaokoa figo kweli, ila inavuruga usingizi na hisia za mtu, na dozi ikiwa juu, zaidi ya miligramu 40 kwa siku, hatari inaongezeka. Mwingine anakuwa na furaha isiyo ya kawaida, anaongea bila kupumzika, mwingine anakuwa na hasira za karibu, mwingine anazama kabisa. Chukua daftari la kawaida, kila siku andika mstari mmoja tu: tarehe, dozi, umelala saa ngapi mpaka saa ngapi, na siku ilikuwaje. Kwa mfano "Jumatano, pred 40, nimelala saa sita nikaamka saa tisa, nimemfokea mtoto kisa kikombe, afu nikalia chooni." Ukiendelea hivyo wiki kadhaa utaona kama hali inapanda na kushuka na dozi au la, na daktari akiona hilo daftari anapata kitu cha kufanyia kazi. Dozi nzima, kama umeandikiwa mara moja kwa siku, meza asubuhi baada ya chai, usiisogeze jioni. Dawa ya kukojosha nayo iwe asubuhi, maana ukimeza jioni utaamka kwenda chooni usiku kucha halafu useme una mawazo. Ila nakusihi, USIACHE prednisoloni ghafla mwenyewe kwa sababu inakuharibia hisia, mwili unakuwa umeshazoea kuletewa hiyo homoni na ukikatisha unaweza kuanguka vibaya, presha ikashuka, na lupus ikarudi kwa nguvu. Anayeishusha ni daktari, kidogo kidogo.

Pili mwili wenyewe. Figo zikichoka damu inapungua, na damu ikipungua unakuwa mzito, huna hamu ya kitu, umelala mchana kutwa, ndugu wanasema umekuwa mvivu. Kwa iyo kabla hujajiita mtu wa sonona omba wapime wingi wa damu, kreatinini (inaonyesha figo zinafanyaje kazi), na tezi ya shingo pia, maana tezi ikilegea inafanana sana na sonona.

Sasa utajuaje kama ni uchovu wa figo au ni sonona yenyewe? Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa, maana uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula viko pande zote mbili. Jiulize maswali mawili kuhusu wiki mbili zilizopita: je, vitu vilivyokuwa vinanifurahisha bado navitaka hata kama sina nguvu ya kuvifanya? Na je, siku nyingi nimekuwa na huzuni au nimekata tamaa? Mtu aliyechoka anatamani kwenda harusini ila miguu haimruhusu, mtu mwenye sonona hata kutamani hatamani. Kliniki nyingine wana dodoso la maswali tisa linaitwa PHQ-9, kwa Kiswahili lipo, alama zinaanzia 0 mpaka 27, na ukifika 10 kwenda juu mtu wa afya ya akili inabidi akuone.

Kumwambia daktari ni kazi ngumu, najua, foleni ndefu, dakika zenyewe chache, anaangalia majibu ya mkojo anaandika dawa umeshatoka. Kwa iyo sema mwanzo kabisa, usisubiri mwisho: "Dokta, kabla ya majibu naomba dakika mbili, wiki tatu hizi sina hamu ya kitu na silali, hii hapa nimeandika." Ukipelekwa kwa daktari wa akili usiogope jina, Muhimbili ile ile ya Dar es Salaam yenye kliniki ya figo ina idara ya magonjwa ya akili, kwenda pale haina maana unapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Akikuandikia dawa mtajie kila unachomeza, kwa sababu kuna dawa za sonona kama sitalopramu ambazo zikikutana na haidroksiklorokwini, dawa ya lupus wengi wanayomeza, zinaweza kugusa mapigo ya moyo, na lithiamu nayo sio rafiki wa figo. Setralini ndo inatumika sana kwa wagonjwa wa figo. Ila inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usiitupe siku ya nne. Na tafadhali usinunue dawa za usingizi dukani wala mitishamba ya kutuliza mawazo, na maumivu yakizidi usikimbilie diklofenaki au brufeni, zinaumiza figo.

Wasiwasi wa majibu nao una mateso yake, wiki nzima kabla ya kliniki unaangalia povu kwenye mkojo kila ukienda chooni. Dawa yake nzuri niliyoiona ni kuulizia mapema: "Dokta, lengo letu ni namba ngapi, na ikifika ngapi ndo tunabadilisha dawa?" Protini inayovuja kwenye mkojo, ndo inayoleta hilo povu, haishuki kwa wiki moja. Kwa kawaida madaktari wanategemea ishuke nusu ndani ya miezi 6, na mpaka mwaka iwe imekaribia nusu gramu kwa siku. Ukilijua hilo, karatasi yenye alama nyekundu haikuui tena kwa presha, unaangalia tu kama mwelekeo unashuka.

Kuna mambo mawili yanayowaumiza sana dada zetu na hayasemwi. La kwanza ni uso kujaa, unakutana na shangazi anakwambia "umenawiri, ndoa imekukubali!" na wewe unajua ni dawa. Andaa jibu fupi, "ni dawa shangazi, itapungua", afu badilisha mada, huna deni la maelezo. La pili ni mtoto. Wengi wanajua tu kimoyomoyo kwamba hawatazaa, wakati hakuna aliyewaambia hivyo. Muulize daktari moja kwa moja. Maikofenoleti, dawa ya lupus ya figo, haitakiwi kwenye mimba ila kuna za kubadilishia kama azathioprini, lupus ikitulia angalau miezi 6 mimba inaweza kupangwa, na kama wanataka kukuanzishia saiklofosfamaidi, dawa nyingine ya lupus kali, uliza KABLA, maana inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Mama mkwe akianza maneno, mume ndo amjibu.

Wasiwasi wa pesa hautibiki kwa kuvuta pumzi. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali, ulizia msamaha au bima, hata kama jibu litachelewa. Kutembea kunasaidia sonona kweli, ila toka saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likishazama, jua kali linaamsha lupus.

Ndugu, hii ni yenu. Mgonjwa akianza kusikia sauti, kuongea visivyoeleweka, kudhani mnataka kumuua, au akipata degedege, ombeni dua mkiwa njiani lakini siku hiyo hiyo afike hospitali, mwambieni daktari ana lupus na anatumia pred dozi gani, maana inaweza kuwa lupus imeingia kwenye ubongo, au dawa, au maambukizi. Na akisema afadhali afe, msimgombeze wala msimwambie anakufuru. Muulizeni wazi kama anafikiria kujidhuru. Asibaki peke yake, apelekwe hospitali, walioko Kenya wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Dawa zake zote chukueni nyie mkae nazo, kila muda wa dawa apewe dozi ya muda huo tu, na mtu mmoja akae naye mpaka ameze.