Kuomba mkopo wa chuo: anza na cheti cha kuzaliwa kabla dirisha halijafunguliwa

Mtoto wa dada yangu wa Mpwapwa anataka kusoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na juzi tumemaliza maombi yake ya mkopo. Naandika kwa ajili ya wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita na bado wanasubiri dirisha la maombi lifunguliwe.

Hatua ya 1: Barua pepe
Fungua ya kwako. Usimwachie kijana wa steshenari akufungulie kwa nywila anayoijua yeye. Laini ya simu nayo isajiliwe kwa jina lako.

Hatua ya 2: Uhakiki wa cheti RITA
Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapahitaji kusubiri dirisha. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo (kwa waliozaliwa Zanzibar, ni ZCSRA, wakala wa usajili wa huko).

Kwanza hakikisha unacho cheti chenyewe. Familia nyingi vijijini zimehifadhi tangazo la kizazi, ile karatasi inayotolewa hospitali au zahanati mtoto anapozaliwa. Hilo si cheti. Nenda nalo kwa msajili wa wilaya, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, uombe cheti.

Kisha kiweke mezani pamoja na cheti cha kidato cha nne, usome majina herufi kwa herufi. Mfumo wa Bodi unakutambua kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo jina linalotokea ni lile la NECTA (Baraza la Mitihani). Huku kwetu Ugogoni mtoto huweza kuandikwa jina la babu kwenye cheti cha kuzaliwa, shuleni akaandikishwa la ubatizo. Kama ni herufi iliyokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, omba marekebisho RITA. Kama ni majina tofauti kabisa, tafuta wakili aandae hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Mambo hayo hayaishi kwa siku moja, ndiyo maana nasisitiza uanze mapema.

Majina yakikaa sawa, skani cheti kwa mashine. Picha ya simu siikubali hata kidogo: kivuli kinafunika muhuri na namba ya ingizo haisomeki. Pakia kwenye mfumo wa RITA mtandaoni, lipia kwa kontroli namba (namba ya malipo utakayopewa), tunza ujumbe wa malipo. Baada ya hapo ingia kwenye akaunti yako ya RITA mara kwa mara kuangalia majibu, usitegemee barua pepe peke yake.

Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kinahakikiwa vivyo hivyo. Fanya vyote kwa pamoja.

Hatua ya 3: Fomu ya Bodi
Jaza kwenye kompyuta, chapisha, kusanya sahihi: yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya kamishna wa viapo (kama wakili au hakimu). Nenda na mdhamini mwenyewe, akiwa na kitambulisho na picha. Skani kurasa zenye sahihi, pakia, wasilisha.

Hatua ya 4: Chuo
Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa, kabla ya tarehe ya mwisho.

Hatua ya 5: Safari
Jua ndaki yako (sehemu ya chuo inakofundishwa kozi yako) kabla hujapanda bodaboda, maana ndaki za UDOM ziko mbalimbali. Blanketi zito lisikose: Juni na Julai Dodoma ina baridi na upepo.