Kulinganisha Spea za Subaru Impreza za Vizazi Tofauti
Kwa mmiliki wa Subaru Impreza aliyeko Mtwara, ambaye spea zake nyingi husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, kipimo sharti kitangulie malipo. Anza na namba ya chesi: GC ni kizazi cha 1992, na GD ni sedani ya kizazi cha 2000. Usiishie hapo, kwa kuwa hata ndani ya GD, WRX STI (toleo la Impreza lenye nguvu zaidi) ilibadilika: kuanzia modeli ya 2005, kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya boliti za rimu kilitoka milimita 100 kikawa 114.3, ingawa matundu yalibaki matano.

Jicho hukosea kwa urahisi hapa. Chukua rula, upime kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu la jirani. Ukipata takriban milimita 59, duara ni la 100, na ukipata 67, ni la 114.3. Kwanza sugua kwa brashi ya waya, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu hujaza kutu ukingoni na kupotosha kipimo.

Klachi ndiyo ninayoihofia zaidi: ile ambayo beringi yake huvuta ili kuiachia na ile ambayo beringi yake husukuma hazibadilishani beringi, hivyo mtumie muuzaji picha ya beringi ya zamani pamoja na namba ya giaboksi.