Jinsi ya kupanga viwango vya biogesi kabla haijaingia kwenye bomba la gesi asilia

Ukipewa kazi ya kuandika kiwango cha biogesi inayotaka kuingia kwenye bomba la gesi asilia, utatamani kuchukua jedwali la nchi nyingine, ubadilishe nembo pale juu, umemaliza. Usifanye hivyo. Kila namba kwenye lile jedwali ipo kwa ajili ya kulinda mtu au chuma fulani, na kama huwezi kusema inamlinda nani basi siku mwenye mtambo akikuuliza kwa nini umemkatalia gesi yake utabaki unang'aa macho tu.

Anza na chanzo. Biogesi ghafi huwa na methani kama asilimia 50 mpaka 70, sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi, na imejaa mvuke. Hapo zote zinafanana, tofauti inakuja kwenye uchafu. Ya samadi ya ng'ombe ina haidrojeni salfaidi ya kutosha, ile inayonuka mayai viza na kula chuma. Ya dampo inakuja na nitrojeni na oksijeni kwa sababu visima vya kunyonyea gesi vinavuta na hewa ya juu. Ya dampo na ya maji taka zina siloksani, kemikali zenye silikoni ndani yake, hizi zinatoka kwenye shampuu, losheni, deodoranti, vitu tunavyojipaka kila siku. Siloksani ikiungua inageuka silika, kitu kilekile cha mchanga, kwa hiyo ukifungua injini iliyokula gesi hiyo unakuta plagi na vichwa vya pistoni vimeganda ukoko mweupe mgumu, ukiukwangua unatoka kama unga wa kioo, na kwenye boila ukoko huohuo unafunika sensa ya moto. California waliweka kikomo cha miligramu 0.1 za silikoni kwa mita ya ujazo. Sasa fikiria mfugaji wa ng'ombe wa maziwa analipia vipimo vya siloksani sawa na mwenye dampo wakati ng'ombe hapaki losheni! Jopo la wanasayansi lililopitia viwango hivyo mwaka 2018 lilipendekeza vyanzo vya aina hiyo vipunguziwe masharti, na mi naona hapo walisema kweli. Kwa hiyo panga masharti kwa chanzo, sio kapu moja la wote.

Halafu angalia nguvu ya joto, hapa ndo ugomvi mwingi ulipo. Methani tupu inatoa takriban Btu 1,010 (Btu ni kizio cha joto) kwa futi ya ujazo. California walipoweka chini kabisa 990 maana yake, piga hesabu mwenyewe, ni methani asilimia 98 hivi, na kutoka 96 kwenda 98 ndo kipande ghali kuliko vyote kwenye kusafisha. Baadaye wakashusha hadi 970. Gesi asilia ya nchi nyingi ina ethani na propani kidogo zinazoipandisha joto, biogesi haina kabisa, ndo maana Uingereza mitambo mingi imekuwa ikichanganya propani ya kununua ili tu gesi ya mlaji mmoja isipishane na ya jirani yake, yaani unaongeza mafuta ya kisukuku kwenye gesi ya kijani. Kabla hujaweka namba yako pima gesi iliyomo tayari kwenye bomba lako. Gesi ya Songo Songo kule Tanzania kwa mfano karibu yote ni methani, kwa bomba kama hilo hoja ya propani inapungua nguvu. Na usiangalie joto peke yake, weka na kipimo cha Wobbe, ambacho kinagawa joto kwa kipeuo cha pili cha uzito wa gesi ukilinganisha na hewa, maana hicho ndo kinakuambia jiko litawaka vizuri au moto utaruka.

Oksijeni nayo inategemea bomba linaelekea wapi. Kiwango cha Ulaya EN 16726 kinaruhusu mpaka asilimia 1, lakini kama gesi inaenda kwenye ghala la chini ya ardhi au sehemu nyingine inayodhurika kinashuka hadi 0.001, mara elfu moja! Gesi ni ileile. Kwenye bomba kavu oksijeni haina madhara makubwa, ikikutana na maji na salfa ndo kutu inaanza. Maji na salfaidi wala usijisumbue sana, wengi wamekubaliana miligramu 5 za salfaidi kwa mita ya ujazo na gesi iwe kavu kiasi kwamba mvuke haugeuki maji ndani ya bomba.

Kwenye afya kuwa makini usitishe watu bure. Mwaka 1988 California walipitisha sheria juu ya vinaili kloraidi, kemikali inayosababisha saratani, kwenye gesi ya dampo, adhabu zikawa kali, makampuni ya gesi yakaona bora yasipokee gesi ya dampo kabisa, hadi sheria ya 2012 ikalazimisha viwango vipangwe upya kwa kuangalia hatari halisi kwa watu. Walichofanya kizuri ni kuweka ngazi: kuna kiwango cha kukufanya upime mara nyingi zaidi, kuna cha kukufanya urekebishe, na kuna cha kukufungia papo hapo.

Mwisho vipimo. Methani, kaboni dayoksaidi, oksijeni, salfaidi na unyevu vipimwe muda wote pale getini, yaani gesi inapoingilia bomba, na valvu ijifunge yenyewe gesi ikiharibika irudi kusafishwa au ichomwe. Siloksani na kemikali za afya zipelekwe maabara kwa ratiba, zikitoka safi mfululizo ratiba ilegezwe. Andika kabisa nani analipia hiyo mashine ya kupimia na nani ana ufunguo wa valvu, manake msipoandika mtabishana siku gesi imekataliwa usiku wa manane.