Bahasha ya Capablanca: usibandue tembre

Ukipata bahasha ya ukumbusho wa bingwa wa sataranji, acha tembre palepale. Mimi niliwahi kuibandua moja kwa maji ya vuguvugu, nikajiona fundi, nikabaki na kikaratasi tu. Bahasha ni tembre, mchoro na muhuri wa posta vikiwa pamoja.

Muhuri ndio wa kuchunguza zaidi. Kuba ilitoa tembre za Capablanca, bingwa wake wa sataranji, mwaka 1951, miaka 30 tangu amshinde Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia, kule Havana. Kwa hiyo akikuletea mtu bahasha yake yenye tarehe ya kabla ya hapo, mrudishie. Halafu isogeze dirishani: wino wa muhuri uanzie juu ya tembre, uvuke ukingo wenye meno, uendelee kwenye karatasi. Mstari ukikatika pale ukingoni, tembre ilibandikwa baadaye.

Hapa Bukavu, ziwa na mvua havina huruma na gundi. Bahasha zisimamishe kama vitabu, mbali na ukuta wa nje. Utepe wa skochi, hapana kabisa. Na ile plastiki laini inayonuka kama kitambaa kipya cha meza huvuta wino. Afadhali karatasi nyeupe kavu.