Namna ya kukusanya historia ya uvuvi wa sambaza huku Kivu

Kama uko Goma, Bukavu ao Idjwi na unajua mzee mmoja aliyevuaka, mwende wiki hii. Sambaza, ile samaki ndogo, si ya hapa toka zamani, waliitoa ziwa Tanganyika wakaitia ziwa Kivu mwaka 1959, wakati wa Wabelgiji, sababu katikati ya ziwa hapakuwa samaki ya kula vile vidudu vidogo vya majini. Sasa hesabu mwenyewe, aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati ule leo amepita 75.

Usimwulize mwaka, atakujibu "zamani sana" na mutakwama pale. Shika mambo ambayo kila mtu anakumbuka: ile taa ya petroli ya kuvuta samaki usiku mulianza nayo mbele ya Uhuru ao nyuma? Na volkano ya 1977? Wakimbizi wa Rwanda walipoingia Julai 1994 mulikuwa munauza wapi? Kwa Goma volkano ya Januari 2002 inasaidia sana juu moto ulishuka mpaka ziwani, kwa Bukavu afazali vita ya 1996.

Asubuhi usiende, wavuvi wametoka kukesha majini wanataka kulala. Ngoja usiku wa mwezi mkubwa, pale taa haivuti samaki vizuri na wengi wanabakia nyumbani. Salimia kwanza, jambo mzee, habari ya watoto, omba ruhusa ndiyo uwashe telefoni ya kurekodi sauti, na ukae mbali na upepo. Kisha umpe kijiti achore chini namna pirogi tatu zinafungwa na miti na wavu unashuka wapi, piga foto ya ile mchoro. Omba pia nyimbo za kupiga kasia, na majina ya vyombo kwa Kihavu ao Kishi, usimgeuzie kwa Kifaransa.

Na tafazali musisahau bamama! Watu wengi wanahoji wavuvi tu halafu wanasema wamemaliza, kumbe mama aliyeuza kwa soko ya Kituku, Goma, miaka yote anajua zaidi: kipimo gani kilitumika, nani alikopesha nani, mvua ikinyesha siku tatu sambaza ziliokolewa namna gani, pesa ilibadilika mara ngapi. Mimi ningeanza kwao.

Mambo mawili yakipingana, uliza mtu wa tatu wa ufuko ule ule, na kama bado hawaelewani andika zote. Mwanzo wa kila rekodi sema jina, tarehe na pahali, kisha kopi moja ipeleke kwa mtoto wake siku ile ile.