Kuandaa mfumo wa data wa jaribio la dawa kwa REDCap: usiruke hatua ya saa

Wiki iliyopita nilikaa na kijana aliyekabidhiwa data za jaribio la dawa ya malaria. Kazi ilituchukua siku mbili, na karibu siku nzima iliishia kwenye hatua ya 3.

Tulitumia REDCap, programu ya kukusanya na kutunza data za utafiti, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 2004. Taasisi isiyofanya biashara huipata bure ikishasaini makubaliano nao. Kuanza na Excel "kwa muda tu" nakataa kabisa. Faili linalozunguka kwenye flashi halikuambii nani aliyegeuza hemoglobini ya 7.2 ikawa 12.2. REDCap huandika kila badiliko, aliyelifanya na wakati wake.

Hatua ya 1. Soma protokali (mpango ulioandikwa wa jaribio), uchore ratiba ya mahudhurio. Yetu ilikuwa siku ya 0, 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28. Kila siku ni tukio lake ndani ya mfumo.

Hatua ya 2. Tengeneza fomu. Ndiyo iwe 1 na Hapana iwe 0, kila mahali. Data zikishaanza kuingia, usibadilishe maana ya namba hata moja.

Hatua ya 3: saa. Artemeta-lumefantrini, dawa ya malaria, hunywewa dozi 6 kwa siku 3, na ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza. Muuguzi anatoa dozi ya kwanza saa tatu asubuhi, anajaza 03:00. Ya pili anatoa saa kumi na moja jioni, anajaza 11:00. Tofauti ni saa 8 kamili, mfumo unaridhika, na saa zote mbili ni za uongo.

Mimi niligundua pale tu muuguzi wa zamu nyingine alipojaza 17:00 sahihi, tofauti ikawa saa 14. Nilikesha nikikagua fomula yangu ya kukokotoa tofauti hiyo, nayo haikuwa na kosa lolote. Jibu lilikuwa kwenye fomu ya karatasi, kwa kalamu ya bluu: "saa 3".

Wengi hukimbilia kuweka mipaka, tuseme 07:00 hadi 18:00. Weka, lakini elewa inachokamata. Saa tatu asubuhi iliyojazwa 03:00 itakamatwa. Saa nane mchana iliyojazwa 08:00 itapita, kwa kuwa iko ndani ya mipaka. Tena onyo la mipaka halimzuii mtu kuhifadhi.

Kwa hiyo ongeza swali la pili: asubuhi, mchana, jioni au usiku? Kisha andika kanuni ya ukaguzi: akichagua jioni na saa iko chini ya 16:00, rekodi ijitokeze. Juu ya kisanduku andika mfano: "saa tatu asubuhi = 09:00". Kitufe cha kujaza saa ya sasa kinafaa iwapo fomu inajazwa hapo hapo dawa inaponywewa, na tableti ina saa sahihi. Kwa fomu zinazojazwa jioni kutoka kwenye karatasi, wakataze kukigusa.

Kwa wagonjwa waliolazwa, angalia na tarehe: "saa nane usiku, Jumanne" mmoja ataiandika Jumanne, mwingine Jumatano. Kubalianeni mapema.

Yaliyokwisha kuharibika usiyasahihishe kwa kuongeza saa 6 kwa wote, maana utayaharibu yaliyo sahihi. Rudi kwenye karatasi, mgonjwa mmoja mmoja, na uandike sababu ya kila badiliko.

Hatua ya 4. Gawa ruhusa. Kila kituo kione wagonjwa wake tu, na anayejaza data asione nani kapangiwa dawa ipi.

Hatua ya 5. Jaza wagonjwa 10 wa kubuni, wafute, kisha hamishia mfumo kwenye matumizi halisi. Kabla hujabonyeza, kaa na muuguzi mmoja umwambie: mgonjwa kanywa dawa saa kumi jioni, jaza. Akiandika 10:00 na mfumo ukanyamaza, rudi hatua ya 3.