Kibaraza cha nje: kubaliana na fundi kuhusu kile kisichoonekana kwanza

Wengi wetu tukitaka sehemu ya kukaa nje tunaanza na rangi ya pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga chini. Unatafuta picha mtandaoni, unamtumia fundi, fundi anasema hiyo kazi ndogo tu bosi, bei inatajwa na kesho yake watu wako uani na majembe. Mimi nilifanya hivyohivyo. Mvua za kwanza tu maji yakawa yanasimama mlangoni, na mwaka haujaisha katikati pakawa pametitia kama sahani, nikaita mtu mwingine afumue ndo tukakuta chini ni mchanga mtupu umemwagwa juu ya udongo mweusi, kokoto hakuna hata moja. Kwa hiyo haya nayaandika ili wewe usilipie kazi moja mara mbili.

Kabla ya fundi yeyote, toka nje na kamba na vigingi. Chora pale chini ukubwa unaoutaka halafu weka viti na meza zako kabisa, sio kwa kukisia, maana kila mtu anakosea hapa, anadhani nafasi inatosha kumbe mtu akivuta kiti nyuma anakalia majani. Nyuma ya kiti acha kama sentimita 90 ili mtu aliyekaa asimzuie anayepita. Kaa hapo saa za mchana na saa za jioni uone jua linakupiga wapi, upepo unatoka wapi, na jirani anakuona kiasi gani. Angalia pia chini kuna nini: shimo la maji taka, mabomba, nyaya. Mfuniko wa shimo ukishafunikwa na zege siku likijaa utabomoa tu. Na kama una mpango wa taa au bomba hapo baadaye, hata kama hela haipo sasa hivi, mwambie fundi alaze bomba tupu chini kabla hajafunika, ni kazi ya dakika chache leo na kero kubwa baadaye.

Ukitaka na paa au pergola (fremu ya mbao juu ya nguzo, ya kuleta kivuli), hiyo ni habari nyingine. Uliza ofisi inayohusika na vibali vya ujenzi kwenye eneo lenu kabla hujanunua mbao, na nguzo ziwe na msingi wake wa zege, sio kusimamishwa juu ya pevingi. Watu wanafikiria uzito wa paa tu wanasahau upepo unalinyanyua kwa chini, ndo maana msingi na viungo vina maana kuliko unene wa nguzo.

Sasa fundi. Omba akupeleke kwenye kazi aliyoifanya miaka miwili iliyopita au zaidi, ya wiki iliyopita haikusaidii kitu kwa sababu kila pevingi mpya inapendeza. Ukifika angalia kingo kama zimefunguka, kama kuna mahali pamebonyea, na muulize mwenye nyumba mvua ikinyesha maji yanaenda wapi. Muulize pia kama fundi aliitwa kurekebisha akaja. Halafu ujue nani hasa atakuwepo saiti kila siku, maana mara nyingi anayekuja kupima na kutaja bei sio yule atakayeshika koleo.

Swali langu la kwanza kwa kila fundi siku hizi ni hili tu: utachimba kina gani? Akisema tutaona, mimi naendelea na mwingine. Kwa sehemu ya kukaa tu, isiyopita gari, pevingi huwa ya sentimita 6, mchanga wa kulalia kama 3, na kokoto iliyoshindiliwa sentimita 10 hadi 15. Jumlisha uone, unaongelea kuchimba kama sentimita 20 na kitu kama unataka uso uwe sawa na ardhi. Kokoto ishindiliwe kwa mashine tabaka kwa tabaka, sio kumwaga yote halafu kupitisha mashine juu mara moja. Na mchanga usitumike kuziba mabonde ya kokoto, hapo ndipo kutitia kunapoanzia, palipo na mchanga mwingi ndipo panaposhuka. Pembeni lazima kuwe na kingo za kushikilia la sivyo pevingi zinatawanyika polepole.

Kama ni zege badala ya pevingi, sentimita 10 zinatosha kwa watu, likatwe mistari kila mita 2.5 hadi 3 ili likipasuka lipasuke kwenye mstari, liachanishwe kidogo na ukuta wa nyumba, na limwagiliwe siku 7. Vijana wakiongeza maji kwenye zege ili liwe laini kumwaga wazuie, linapoteza nguvu.

Mteremko jamani, huu msisitize. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kutoka nyumbani kwenda nje. Kibaraza cha mita 4 maana yake upande wa nje uko chini kwa sentimita 4 hadi 8, na uso wote ubaki chini ya mstari wa kuzuia unyevu kwenye msingi wa nyumba (lile tabaka linalolazwa ukutani juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande), kama sentimita 15 chini yake, vinginevyo unyevu unapanda ukutani.

Haya yote yaandikwe, hata karatasi moja, vipimo na aina ya vifaa na nani anabeba kifusi. Wape mafundi watatu karatasi ileile ndo ulinganishe bei, la sivyo yule wa bei ya chini inawezekana kabisa ameondoa kokoto na wewe hujui. Kitu kikiongezeka katikati, mtumie meseji ya bei mpya akubali kabla hajafanya.

Malipo usitoe yote mwanzo hata akilia shida. Toa ya vifaa, kisha awamu inayofuata itoke kokoto ikiwa imeshindiliwa na haijafunikwa, siku hiyo uwepo mwenyewe, chimbua kidogo upime kwa tepu na upige picha. Baki na sehemu ya mwisho, kama asilimia 10 hivi, na mkubaliane hilo mapema asije akashangaa. Kazi ikiisha mwaga ndoo kadhaa za maji karibu na mlango uangalie yanavyokwenda, yakisimama mahali pevingi za hapo zinyanyuliwe vifaa vya fundi vikiwa bado uani.